Kukusanya Kadi za Seattle Mariners: Ununue Nini Kwanza, Uache Nini

Mwanangu alipofikisha miaka minane aliniomba kadi za besiboli. Hakutaka za timu yoyote tu, alitaka za Mariners, maana tunaishi Kent, jimbo la Washington, na timu ya Seattle ndiyo aliyokua akiiona. Nikaenda dukani nikanunua paketi sita. Jioni ile tulizifungua mezani: Yankees, Dodgers, Rockies, Yankees tena. Mariners alitokea mmoja tu, mtupaji ambaye hata mimi sikumfahamu. Mtoto akaichukua ile kadi moja akalala nayo chini ya mto, na mimi nikabaki na rundo la kadi za watu.

Ligi kuu ina timu 30. Ukifungua kadi 300, kwa wastani 10 ndizo zitakuwa za timu yako, na 290 umezilipia bure. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hesabu hiyo. Anayependa timu moja hanunui kama anayekusanya kila kitu. Nimezipanga njia kuanzia ile ninayoiamini zaidi hadi ile ambayo ningekuomba uikwepe.

1. Seti ya timu ya mwaka mmoja

Wapo wauzaji ambao kazi yao ni kufungua maboksi mengi, kuzigawa kadi kwa timu, kisha kuuza fungu la kila timu peke yake. Hapa ndipo pa kuanzia. Kwa kadi za kampuni ya Topps, mwaka huja kwa mafungu matatu: Series 1 mwanzoni mwa mwaka, Series 2 katikati, na Update msimu ukielekea mwisho. Muulize muuzaji kama mafungu yote matatu yamo, kwa sababu mchezaji aliyehamia Seattle msimu ukiwa umeanza mara nyingi utamkuta kwenye Update tu.

Kama mfuko wako ni mdogo, anza na miaka ya 1987 hadi 1993. Wakati huo viwanda vilichapisha kadi kupita kiasi, kila mtu akaziweka akidhani zitamtajirisha, na mpaka leo zimejaa masandukuni. Kwa mwekezaji ni hasara, lakini kwa mzazi ni neema. Seti ya Mariners ya 1991 niliipata kwa dola 3, ila gharama ya posta ikawa 5. Tangu hapo nikishampata muuzaji mwaminifu huagiza miaka minne au mitano kwa mpigo, posta ikawa moja.

Usiiruke 1977, mwaka timu ilipoanza. Wachezaji walikuwa wametoka timu nyingine na picha za kuwaonyesha na sare mpya hazikuwepo, kwa hiyo Topps wakachora kofia za Mariners kwa mkono juu ya picha za zamani. Ukiisogeza karibu na taa unaona rangi ya kofia imelala bapa, haina kivuli. Mimi nazipenda kuliko kadi nyingi za leo zinazometameta.

2. Kadi moja moja za magwiji

Seti zikishakupa msingi, tafuta zile kadi ambazo bila hizo albamu ya Seattle haijakamilika. Ya kwanza ni ya Ken Griffey Jr., Upper Deck ya 1989, kadi namba 1. Kampuni ya Upper Deck ilikuwa inatoa kadi zake za kwanza kabisa, na ikaamua kuanza na kijana wa miaka 19 ambaye alikuwa bado hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Picha yenyewe alipigwa akiwa na timu ya daraja la chini, kisha kofia ikabadilishwa rangi iwe ya Mariners. Anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuambiwa mambo yatakavyokwenda. Mwaka 2016 aliingia Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa besiboli, kwa kura 437 kati ya 440.

Ukiinunua, angalia mambo matatu. Geuza kadi: nyuma kuna hologramu ndogo, na inapaswa kung'aa ukiielekeza kwenye mwanga. Kama ni ya kijivu isiyobadilika, iache. Kisha tazama maandishi kwa kioo cha kukuzia. Kwenye kadi halisi herufi zina kingo safi, lakini kadi bandia mara nyingi herufi zake huwa na vitone vitone. Mwisho ni pembe. Kadi hii ilikaa kwenye pembe ya karatasi kubwa ya kuchapia, hivyo nyingi zilitoka kiwandani zikiwa zimebonyea. Yangu ina pembe moja iliyolainika, na kwa sababu hiyo niliipata kwa bei niliyoimudu. Sijutii.

Baada yake: Ichiro Suzuki wa 2001, mwaka aliopata hiti 242 (mapigo yaliyomfikisha salama kituoni), akawa chipukizi bora na mchezaji bora kwa pamoja, na timu ikashinda mechi 116. Alex Rodriguez yuko kwenye seti iitwayo SP ya 1994, kadi nzuri sana lakini kingo zake hubanduka kwa kuguswa tu. Kwa Randy Johnson kuna mtego: kadi zake nyingi za 1989 zinamwonyesha akiwa na Montreal Expos, kwa kuwa alihamia Seattle Mei mwaka huohuo. Anayetaka Mariners atafute ile ya Topps Traded, seti ya wachezaji waliohama timu, namba 57T. Kwa watoto wa leo, Julio Rodríguez na Cal Raleigh wote wana kadi za chipukizi za 2022. Baada ya Raleigh kupiga homurani 60 (mipira inayopigwa ikavuka uzio wa uwanja) mwaka 2025, rekodi ya wadakaji wote, sidhani bei yake itarudi ilipokuwa.

Angalizo jingine: tangu 2010 Topps ndiyo yenye haki ya kutumia nembo za timu kwenye kadi. Kampuni ya Panini ilitengeneza kadi za besiboli kwa kibali cha chama cha wachezaji tu, kwa hiyo utaona kofia tupu isiyo na nembo. Mwanangu alipewa moja na rafiki yake akaniuliza, "Baba, mbona kofia yake haina S?" Kwa mtu anayekusanya timu, kadi bila nembo ya timu si pungufu dogo.

3. Pakiti ndogo ya timu

Topps huuza pia pakiti iliyofungwa yenye kadi 17 za timu moja. Ni zawadi nzuri ya siku ya kuzaliwa. Jua tu kwamba namba zake zinaanza na herufi SEA, si zile za seti ya kawaida, kwa hiyo hazitajaza pengo kwenye seti yako.

4. Kadi zilizopimwa daraja

Kampuni za PSA, SGC na Beckett huikagua kadi, huipa alama hadi 10 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Kwa Griffey au Ichiro ghali, lipia, unanunua usalama. Kwa mchezaji wa kawaida ni kulipia plastiki. Tena mtoto hawezi kuipanga kwenye albamu.

5. Maboksi na paketi

Raha ya kufungua ipo, siikatai. Sisi tunanunua paketi mbili siku tukienda uwanjani, basi.

6. Kugawana boksi mtandaoni

Hapa unalipia timu yako, muuzaji anafungua maboksi mbele ya kamera, na kila kadi ya timu hiyo inakuwa yako. Inaonekana kama imetengenezwa kwa ajili yetu. Nilijaribu mara moja, nikalipa dola 25, nikatumiwa kadi nne za kawaida ambazo mahali pengine zisingefika dola 2. Timu nyingine zilipata kadi zenye saini za wachezaji. Hii ni bahati nasibu, na mtoto akiwa ameketi pembeni anakuona unavyocheza.

Kuhusu kuhifadhi, tenga kama dola 20 mwanzoni kabisa: faili la pete lenye kurasa za mifuko tisa, zilizoandikwa hazina PVC (plastiki inayoharibu kadi), na vifuko laini kwa kadi za magwiji kabla hazijaingia kwenye vile vigumu. Panga kwa mwaka, si kwa umaarufu. Ukurasa wetu wa 1989 una mifuko minane iliyojaa na mmoja mtupu, wa Johnson 57T, na kila muuzaji wa Washington anayefungua meza ameshaulizwa na mtoto wangu kama anayo.