Kumpima mtoto urefu: mlangoni au kwenye kila bembea?

Wakati wa maonyesho ya Jamhuri Park, Nairobi, watoto hujaa kwenye bembea kubwa, na swali hurudi: wapimwe mara moja langoni na kuvishwa utepe wa rangi mkononi, au kila bembea iwe na kibao chake?

Kwa gharama, kibao hakina mpinzani. Ubao, rangi na mstari kwenye sentimita 120, basi. Tepe hununuliwa kila siku.

Kwa uhakika, mambo si mepesi. Kile chuma kinachoshuka mapajani kimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani. Mtoto mfupi huweza kuteleza chini yake. Kwenye kibao, mhudumu anapima huku foleni ikimsukuma. Nimemwona mama akimwinua bintiye kisigino kwa ncha ya kiatu chake, akisema, "Ni sentimita mbili tu, kaka yangu, mwache." Mhudumu akamwachia. Hilo liliniuma. Langoni mtoto anavua viatu, anapimwa kwa utulivu, na ubishi unaishia hapo. Ila utepe uliofungwa kwa kulegea huhamia kwa ndugu mdogo.

Matunzo? Kibao kilichochomekwa ardhini huzama mvua ikinyesha, na mstari hushuka nacho. Kipimwe upya kwa futi kamba kila asubuhi.

Mwenye bembea mbili uwanjani, kibao kinamtosha, mradi mhudumu ajue kukataa. Mwenye bembea kumi na umati wa Desemba, ningemwambia anunue tepe, na vibao asiving'oe.