TAHADHARI: Anayejiita fundi wa chokaa na milango ya nakshi, Mji Mkongwe Zanzibar

Assalam aleikum ndugu zangu wa Mji Mkongwe, mliopo nyumbani na mliopo Muscat, Dubai na London mnaotuma fedha za matengenezo.

Kuna mtu anapita vichochoro vya Kiponda, Malindi na Mkunazini akijitambulisha kuwa fundi wa majengo ya kale. Ana kauli nzuri, na simu yake imejaa picha za Beit al-Ajaib, lile jumba letu la kale; husema alikuwa miongoni mwa mafundi wa kule. Anauza chokaa anayoiita ya shimo, tena anachukua milango ya nakshi kwenda kuitia dawa ya mchwa. Msimpe kazi. Msimpe hata shilingi.

Anazilenga nyumba za urithi, anakokaa bibi au shangazi peke yake huku wenye mali wametawanyika. Kwa shangazi yangu alifika masika, ukuta wa uani ukiwa umelowa. Akaupapasa, akatikisa kichwa, akamwambia nyumba hii itaanguka kama Beit al-Ajaib. Nani katika mji huu hayamtishi maneno hayo? Jumba la mwaka 1883 liliporomoka mchana tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kuwachukua marehemu wale ukawafanya chambo cha kumtolea bi mzee arubuni, huo ni ukatili.

Arubuni yenyewe anataka nusu ya bei, kwa simu, na jina linalotokea kwenye muamala si alilojitambulisha nalo. Risiti hatoi.

Sasa hiyo chokaa. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa, na lipu ya chokaa huuachia unyevu upite. Ukiipaka saruji juu yake, maji yanabaki ndani. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, lipu inavimba, na siku inapobanduka inaondoka na uso wa jiwe. Maji yaliyokosa njia yanafuata vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, na mikoko iliyobeba dari tangu enzi za mababu inaoza pale pale usipopaona. Aliyoipiga kwa shangazi ilikuwa saruji nyeupe iliyochanganywa na unga wa chokaa ya kupaka. Kwa macho ni nyeupe, inapendeza, na miezi michache ya mwanzo hutagundua kitu. Mvua zilizofuata ndizo zilizosema kweli: ukuta ulitoka malengelenge kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno.

Kuijua haihitaji maabara. Chokaa iliyochomwa tanuuni, ikazimwa kwa maji na kuachwa shimoni, haigandi ikiwa imezama majini. Chukua konzi moja ya alicholeta, weka kwenye bakuli, ifunike kwa maji, iache mpaka kesho yake jioni. Ikiwa bado laini kama siagi, endelea na mazungumzo. Ikiwa imekuwa jiwe, mna saruji hapo, na rangi yake isikudanganye. Jaribu mchanganyiko ule ule anaoupiga ukutani, maana sampuli anayokuonyesha mkononi huwa nzuri.

La mlango ndilo lililotuumiza zaidi, kwa sababu lipu hubanduliwa ikapigwa upya. Aliubomoa mlango mzima, mbawa, mfaa (ule mti wa katikati zinapokutana mbawa) na miimo ya pembeni, akasema unakwenda karakana. Ulirudi mwepesi. Mlango wa msaji wa zamani hubebwa na wanaume wanne wakihema. Huu vijana wawili waliuingiza bila kupumzika. Nakshi zimechongwa kwa mashine, kina kimoja kote, na weusi wake ni oili iliyopakwa. Njumu, zile misumari za pambo, ni bati lililotiwa rangi ya shaba. Mlango wetu, kwa vyovyote, una mnunuzi mahali.

Hakuna sababu ya halali ya kuung'oa mlango mzima kwa ajili ya mchwa. Dawa hupakwa ukiwa papo hapo, na ubao uliooza hukatwa na kuungwa mahali pake. Na si kazi ya kuamuliwa na fundi na mwenye nyumba peke yao: mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na matengenezo yake yanataka kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Huyu anatembea na fotokopi ya barua yenye muhuri. Msiisomee mlangoni. Mwambieni aiache, kisha mtu wa nyumba aipeleke ofisini akaulize. Kwa jirani yetu aliposikia hivyo alisema ana swala, na hakurudi.

Mlio nje, fedha msimtumie fundi moja kwa moja. Mpeni ndugu alipe kwa hatua, akiwa ameona kazi, na kabla ya yote apigwe picha mlango mbele na nyuma, na karibu kabisa penye kasoro, kwani kasoro ndizo zinazotambulisha.

Wetu una samaki chini ya miimo yote miwili na mnyororo ukingoni. Ua la tatu la mfaa, ukihesabu kutoka juu, limevunjika jani moja, na ubawa wa kulia una msumari wa chuma badala ya njumu. Polisi na Mamlaka wana taarifa. Atakayeuona dukani, hotelini au kwenye tangazo la mtandaoni, apige picha na anitumie ujumbe hapa usiku au mchana.