Gia 34/50 na kaseti ya 11-32: uzoefu wangu na baiskeli ya mbio ya anayeanza

Ukienda dukani kutafuta baiskeli yako ya kwanza ya mbio, muuzaji atakutajia kwanza idadi ya gia: hii ina 16, ile ina 22. Idadi hiyo haina msaada mlimani. Mimi nilichuchumaa nikahesabu meno ya baiskeli niliyoichagua. Mbele, gia ndogo meno 34 na kubwa 50. Nyuma, kaseti, yaani seti ya gia za gurudumu la nyuma, ya gia nane inayoanzia meno 11 hadi 32. Mfumo wa gia ni Shimano Claris. Pembeni yake ilisimama ya mtumba, nyepesi na nzuri kuitazama, yenye 39 na 53 mbele na 12 hadi 25 nyuma. Niliiacha palepale, na leo ningeiacha tena.

Hesabu yake ni rahisi. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha kwa mita 2.1, ambayo ndiyo hatua ya gurudumu la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja. Ukiwa kwenye 34 mbele na 32 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 2.2 hivi. Kwenye 39 na 25, gia nyepesi kuliko zote ya ile mtumba, ni mita 3.3. Sasa zungusha pedeli mara 60 kwa dakika: ya kwanza inakwenda kilomita 8 kwa saa, ya pili inakudai karibu 12. Anayeanza hawezi kushikilia mwendo wa 12 kwenye mlima mrefu. Miguu inazidiwa, mzunguko unashuka, unaanza kusukuma pedeli moja moja kwa nguvu zote, na magoti ndiyo yanayolipa.

Naishi Tanga, mji wa baiskeli na wa ardhi tambarare, kwa hiyo mlima niliufuata Mombo. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, inatoka kwenye joto la bondeni hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kazi kubwa iko kabla ya Soni: kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mabasi yanapiga honi kabla hujayaona. Niliweka gia nyepesi kuliko zote, nikakaa kitini na kuzungusha. Mzee mmoja aliyekuwa akiteremka kwa miguu akaniambia, "Pole na safari, mwanangu." Nikamjibu, "Ahsante mzee, shikamoo," maneno yote matatu bila kuhema. Kwangu hicho ndicho kipimo cha gia ya mlimani: uweze kumsalimia mtu. Njiani nilibadilisha kati ya 28 na 32 kadiri mpando ulivyolegea na kukaza, na kila mara cheni ilipanda bila kugoma.

Wapo wanaosema gia nyepesi ni za wanyonge. Chris Froome, mwendesha baiskeli wa mbio mzaliwa wa Nairobi, aliwaacha wenzake kwenye mlima Mont Ventoux, Ufaransa, mwaka 2013 akiwa amekaa kitini, miguu ikizunguka kwa kasi ya ajabu. Mwaka huohuo akatwaa Tour de France. Kuzungusha haraka kwenye gia laini ni ufundi, na mwanafunzi anahitaji gia itakayomruhusu kujifunza.

Kaseti pana ya gia nane ina gharama yake, nayo utaikuta kwenye tambarare. Meno ya nyuma yanakwenda 11, 13, 15, 18, 21, 24, 28, 32. Kati ya 18 na 21 kuna pengo. Nikiwa na 50 mbele, kwa mizunguko 80 kwa dakika, 21 inanipa kilomita 24 kwa saa na 18 inanipa 28. Upepo wa kusi ukinijia usoni, mwendo ninaoutaka ni 26, na hapo kila gia ninayoshika ni nyepesi mno au nzito mno. Inaudhi, hasa ukiwa nyuma ya mwenzako anayekwenda mwendo mmoja. Hata hivyo, kwenye tambarare pengo linakupunguzia raha tu. Mlimani gia nzito inakushusha uanze kukokota baiskeli.

Jambo jingine lililonifurahisha ni vipuri. Cheni ya gia nane ndiyo hiyohiyo inayotumika kwenye baiskeli za gia sita na saba nyuma, kwa hiyo fundi wa mtaani anayo. Cheni nyembamba za gia kumi na moja utaziagiza mbali na kuzisubiri.

Kama tayari una mtumba yenye gia nzito, usikimbilie kununua kaseti kubwa. Angalia kwanza kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni. Vingi vya baiskeli za zamani za mbio vinaishia meno 27 au 28; ukilazimisha 32, kinagusana na kaseti. Mwulize fundi kabla hujalipa.

Kwa anayeendesha Tanga, Dar au Unguja tu, 34/50 na kaseti ya 11-28 inatosha, na mapengo yake ni madogo. Kwa Lushoto, Marangu au Mbeya, usishuke chini ya 32 nyuma, na kama una mwili mkubwa au unabeba mzigo, tafuta ya 34.