Nilivyohamisha akaunti 23 za barua pepe kwa imapsync

Ofisi yetu ya uhasibu iko Mwanza. Seva ya barua pepe ya kampuni tuliyokuwa nayo ilikuwa inazima mara kwa mara, na ikizima karibu na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT, ofisi nzima inachanganyikiwa. Mwezi uliopita tulihama: akaunti 23, jumla GB 61.

Nimetumia imapsync, programu ya Gilles Lamiral wa Ufaransa, na naisifu kwa moyo wote. Unaipa seva ya zamani na mpya, jina na nywila za pande zote mbili, nayo inanakili folda moja baada ya nyingine bila kugusa barua za upande wa zamani. Ikikatika, unarudia amri ileile: barua iliyokwishafika haiiongezi tena, kwa sababu inazitambua kwa vichwa vyake, yaani taarifa za utambulisho zilizo juu ya kila barua. Hapo ndipo nilipoipendea. Nilianza kunakili Jumatano watu wakiendelea na kazi zao, Ijumaa usiku nikabadilisha rekodi za MX, zinazoelekeza barua mpya ziende seva ipi, nikairudia amri kuchukua zilizobaki. TTL, muda ambao mitandao mingine inakumbuka rekodi ya zamani, nilikuwa nimeishusha hadi sekunde 300 siku mbili kabla.

Usiiendeshe kwenye kompyuta ya ofisini kama bando lenu ni la kubana. Kila barua inashuka kwenye mashine yako kisha inapanda tena, kwa hiyo GB 61 zinakuwa 122. Mimi nilikodi seva ndogo ya Linux mtandaoni.

Jumatatu asubuhi mhasibu wetu mkuu akanipigia. “Mwanangu, zile barua zangu za mfano sizioni.” Huyu mama huhifadhi rasimu za barua za wateja kwenye Drafts, miaka na miaka, na kila mwezi hunakili kutoka humo. Nilifungua logi ya akaunti yake: barua 41 zimerukwa, hazina Message-Id (kichwa chenye utambulisho wa barua), na mstari huohuo unapendekeza --addheader, chaguo la kuongeza kichwa hicho. Nikamwambia, “Nipe dakika kumi, mama.” Nikairudia amri na --addheader, zote 41 zikaja. Ningesoma logi vizuri Jumamosi, asingepata hofu ile.

Weka pia --automap, inayolinganisha majina ya folda za pande mbili, la sivyo barua zilizotumwa zinaweza kubaki kwenye “Sent Items” huku seva mpya ikitumia “Sent”. Na --delete2 usiiguse kabisa baada ya kubadilisha MX! Inafuta upande mpya kila kisichokuwepo upande wa zamani, yaani barua zote zilizoingia tangu mhame.

Namba za simu na kalenda hazihami kwa njia hii. Hizo nilizitoa kwa faili, akaunti moja moja, na ndizo zilizonichosha kuliko barua zenyewe. Seva ya zamani tumeilipia mwezi mmoja zaidi, na kila jioni bado naipitia kuona kama kuna barua iliyopotelea huko.