Pweza wao mtamu, ila hii tabia ya kuhamisha wateja hapana

Kuna mgahawa mmoja hapa Mtwara mjini, jina naliacha. Chakula kiko vizuri kwakweli, pweza wa nazi kaiva laini, wali umechambuka, pilipili wanasaga wenyewe. Shida inaanza akitokea mwenye cheo.

Jumamosi mchana tumejaa mara zikaingia gari mbili za serikali, meneja katoka mbio anapiga makofi "jamani tusogee tusogee mheshimiwa kafika". Meza ya jirani alikuwepo mzee na mjukuu wake, yule mzee hata hajafikiwa, kaona gari inapaki tu kashanyanyuka, sahani mkono huu, glasi ya ukwaju mkono huu, mtoto anauliza babu mbona hatujamaliza, anaambiwa nyamaza. Wakamalizia kula kwenye benchi nje, juani, na hela wakalipa ileile. Mi niligoma, nikamwambia meneja nakula sihami, hakunifanya kitu akaenda kusumbua wengine. Na huyo mheshimiwa wala hakuomba meza ya mtu, kafungiwa chakula chake kaondoka.

Inaniuma kwa sababu watu wa huku hatukuwa hivi. Mei 2013 siku bajeti ya Wizara ya Nishati inasomwa bungeni mji ulifunga maduka, watu wanapinga gesi ya Mnazi Bay, hukuhuku Mtwara, kupelekwa Dar, wakaletwa wanajeshi, watu wakaumia na wengine kufa, bomba likajengwa vilevile. Naona tangu hapo tumejifunza kunyamaza mapema. 2018 serikali ikasema inanunua korosho yenyewe kwa 3,300 kilo, wapo waliokaa miezi hawajaona hela, ila kiongozi akija mkutano wa chama cha msingi cha wakulima ni makofi, ukisimama kuuliza malipo jirani yako ndo anakuvuta shati ukae. Majumbani pia hivyohivyo, baba akikohoa wote kimya, mtoto anakua anajua kuuliza ni utovu wa adabu, sasa huyo akija kuwa mkulima atamhoji nani? Shikamoo natoa kila siku na nitaendelea kutoa, ila kiti nilichokalia na chakula changu mezani sio shikamoo.

Meneja kama unasoma hapa, kiongozi akipiga simu mapema mwekeeni meza yake na kikaratasi juu, asipopiga asubiri nafasi kama sisi, na yule mzee akirudi mrudishieni hela yake. Chakula nyota nne, huduma moja.