Kwaya ya chuo, kutoka upande wa besi: nyota nne

Kila chuo kikifunguliwa, vijana wa mwaka wa kwanza huniuliza kama kujiunga na kwaya kuna faida au ni kula muda wa masomo. Nimeimba besi, sauti ya chini kabisa kati ya zile nne za kwaya (soprano na alto za wanawake, teno na besi za wanaume), kwenye kwaya ya wanafunzi Wakatoliki katika chuo kimoja cha Morogoro tangu naripoti mpaka navaa joho, kwa hiyo nasema ninachokijua. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota mbili nzima ni za nota, yaani kusoma wimbo kwa herufi d r m f s l t (do, re, mi, fa, so, la, ti). Kule parokiani kwetu tulikuwa tunakariri: mwalimu anaimba, sisi tunafuata mpaka inakaa kichwani. Huku mwalimu wa kwaya, naye mwanafunzi mwenzetu, aligawa karatasi akasema hakuna kugusa maneno, tuimbe nota kwanza. Nukta pacha inatenga pigo na pigo, nukta moja inaligawa pigo nusu kwa nusu, kistari kinakuambia endelea kushikilia. Kialama kidogo chini ya s kinakushusha oktavu ya chini, yaani so ileile lakini ya chini zaidi, na huko ndiko besi tunakoshinda.

Kazi ilikuwa kwenye fe, yaani fa iliyopandishwa nusu sauti, ambayo hujitokeza wimbo unapotaka kuhamia ufunguo mwingine, yaani do inapohamia mahali pengine. Sikio lisilozoea linaivuta irudi fa. Mwalimu alitutoa besi peke yetu tukakaa chini ya mwembe nyuma ya ukumbi, tukaimba s fe s, s fe s, polepole, bila kinanda, mpaka ikakaa. Leo ukinipa wimbo ambao sijawahi kuusikia, ukanipa na do, nitakuimbia mstari wangu. Hilo sikulipata darasani, na hakuna aliyenitoza ada.

Mfumo huu wa nota za herufi (tonic sol-fa) ulianzia Uingereza kwa Sarah Glover wa Norwich, John Curwen akauendeleza na kuueneza katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nao Afrika. Kwa kwaya ya wanafunzi sijaona unaoushinda. Ni herufi za kawaida tu: unachapa au unaandika kwa peni, unakwenda stesheneri kutoa kopi, jioni kila mtu ana karatasi yake. Soprano wakiamka na mafua, mwalimu anashusha do kutoka G mpaka F, wimbo wote unashuka kidogo, na hakuna anayebadilisha chochote kwenye karatasi.

Pasaka moja tuliimba Haleluya ya Handel, ile iliyomo kwenye Masihi, kazi yake kubwa ya kwaya aliyoitunga mwaka 1741. Wengi wanaikumbuka kwa soprano wanaoshikilia noti ndefu huku wakipanda ngazi kwa ngazi. Mimi naipenda pale panaposema atatawala milele, kwa sababu besi ndio wanaofungua. Mwalimu alitunyooshea kidole, akavuta pumzi pamoja nasi, tukaingia. Baada yetu teno wakaja na maneno yaleyale, kisha alto, kisha soprano, na kuanzia hapo kazi yako ni kuwasikia wote bila kumfuata hata mmoja. Mpaka leo sijui zoezi la usikivu linalozidi lile.

Na kwenye mahafali tuliimba wimbo wa Taifa, Mungu Ibariki Afrika, kwa sauti nne. Watu wengi wanaujua kwa sauti ya kwanza tu. Enoch Sontonga, aliyeitunga tuni ile mwaka 1897 huko Afrika Kusini, alikuwa mwalimu wa shule na wa kwaya, na ukiuimba kwenye besi unaelewa kabisa kwamba ulitungwa na mtu anayewaza kwaya.

Nyota iliyopungua ni ya uongozi. Ratiba inasema saa kumi na moja jioni, mazoezi yanaanza saa kumi na mbili na nusu, na wanaoumia ni wale waliowahi. Halafu sare. Kila uongozi mpya unataka kitenge chake, na mchango unatangazwa kabla bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia. Dada mmoja wa alto, mwenye sauti safi kuliko wengi wetu, aliacha kuja kwa sababu ya shilingi 35,000. Hakuna aliyemfukuza, lakini jina lake lilisomwa mbele ya watu wiki baada ya wiki. Jambo hilo liliniuma na bado linaniuma. Kitenge cha mwaka jana kingetosha kabisa.

Kuhusu masomo, msiogope. Karibu na mitihani mazoezi yalibaki Jumamosi tu, na sijaona aliyepata sapu (mtihani wa kurudia) akaweza kweli kuisingizia kwaya.

Ukienda kujiandikisha utaulizwa unaimba sauti gani. Kama hujui, sema hujui. Utapandishwa d r m mpaka pale unapokwama, na watajua pa kukuweka. Wavulana, msikimbilie teno kwa sababu inasikika zaidi. Uliza pia michango ya mwaka mzima ni kiasi gani na kama inalipwa kidogo kidogo. Kisha kaa kwenye mazoezi ya siku moja kabla hujatoa hela. Ukiona wanaanza na nota, baki. Ukiona wanafungulia rekodi kwenye simu na kuigiza, tafuta kwaya nyingine, maana vyuo vingi vina zaidi ya moja.