Seti ya API ya kupimia maji, kwenye tangi la samaki wa Tanganyika: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia ni API Freshwater Master Test Kit (API ni chapa), ile ya matone. Ndani kuna chupa saba za dawa za kupimia, neli nne za kioo zenye mstari wa mililita 5, na kadi ya rangi. Inapima pH, yaani asidi au ualkali wa maji, ya chini (6.0 hadi 7.6) na ya juu (7.4 hadi 8.8), amonia (inayotokana na uchafu wa samaki), kisha nitriti na nitreti, ambazo bakteria huzitengeneza kutokana na amonia hiyo. Naitumia kwenye tangi la lita 200 lenye Neolamprologus multifasciatus, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Nataja samaki mapema kwa sababu majibu ya seti hii husomwa tofauti kulingana na maji unayofugia, na kadi ya rangi haikuambii hilo.

Kipimo cha amonia kinasoma amonia yote kwa jumla: ile yenye sumu (NH3) na ile isiyo na madhara makubwa (NH4+). Mgawanyo wa hizo mbili unaamuliwa na pH na joto. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana sumu chini ya asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5, na kwenye 8.8 ni robo nzima. Kwa hiyo ukisoma 0.5 (miligramu kwa lita) kwenye tangi la pH 7, sumu halisi ni kama 0.003, na samaki hawatashtuka. Ukisoma 0.5 hiyohiyo kwenye maji ya Tanganyika ya 8.8, sumu ni kama 0.13, na matamvua (viungo vya samaki vya kupumulia) huanza kuumia kwenye 0.05 hivi. Rangi ni ileile ya kijani hafifu, lakini tangi moja lisubiri kesho na lingine libadilishwe maji sasa hivi. Ndiyo maana napima pH kwanza, amonia baadaye.

Jinsi ya kupima amonia: suuza neli kwa maji ya tangi, jaza hadi sehemu ya chini ya mbonyeo wa uso wa maji iguse mstari. Matone 8 ya chupa ya kwanza, matone 8 ya chupa ya pili, funga, tikisa sekunde 5, subiri dakika 5. Chupa ishikwe wima kabisa. Ukiiinamisha tone linakuwa kubwa au dogo. Usizibe neli kwa kidole, tumia kifuniko chake. Soma kwenye mwanga wa mchana, neli ikiwa imeegemea sehemu nyeupe ya kadi. Chini ya taa za ndani, njano ya 0 na ile ya 0.25 zinachanganya hata mwenye macho mazuri. Suluhisho langu ni rahisi: napima pia maji ya chupa ya dukani kwenye neli ya pili, naziweka kando kwa kando. Zikifanana ni 0, basi. Jambo jingine: dawa nyingi za kufunga amonia (zinazowekwa kwenye tangi ili isidhuru samaki) haziiondoi kwenye kipimo hiki, kwa hiyo rangi ikibaki baada ya kuweka dawa, haimaanishi kwamba dawa imegoma.

Nitriti haina shida: matone 5, tikisa, dakika 5. Samawati hafifu ni 0, zambarau ni hatari.

Nitreti ndiyo inayowaangusha watu wengi. Chupa ya pili ina unga unaotuama chini, na usipoutikisa vya kutosha, jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Matone 10 ya chupa ya kwanza, geuza neli mara kadhaa, kisha tikisa chupa ya pili sekunde 30 kwa nguvu. Ikiwa imekaa wiki kadhaa, naigonga mezani kwanza. Weka matone 10, tikisa neli dakika 1 nzima, subiri 5. Tangi lenye samaki wengi, bila mimea, halijabadilishwa maji mwezi mzima, na nitreti inasoma 0? Usisherehekee, rudia kipimo. Na kama nitriti iko juu, usiiamini nitreti siku hiyo, kwa sababu kipimo hiki hufanya kazi kwa kugeuza nitreti kuwa nitriti.

Kwa pH, maji ya kisima yana hila yake. Yakitoka chini yana kaboni dioksaidi nyingi, kwa hiyo yanasoma chini. Yaache kwenye ndoo saa 24 na pampu ya hewa, pima tena, utaona yamepanda. Hiyo ya pili ndiyo pH yake. Dosari ninayoiona hapa ni kwamba kadi inaishia 8.8, wakati Ziwa Tanganyika lenyewe linafika karibu 9. Ukigonga rangi ya mwisho, hujui umepita kiasi gani.

Upungufu mkubwa wa sanduku hili ni vipimo vya KH (kabonati kwenye maji, zinazozuia pH isiyumbe) na GH (ugumu wa maji kwa jumla): havimo, vinauzwa peke yake. Kwa mfugaji wa samaki wa maziwa yetu, KH ni muhimu kuliko nitreti, maana bakteria wa filta wanaila kila siku wanapochoma amonia. Ikiisha, pH inaanguka ghafla. Kipimo chake ni kuhesabu: tone moja, tikisa, tone jingine, hadi samawati igeuke njano. Kila tone ni digrii 1. Maji ya digrii 16 yanakula chupa haraka, kwa hiyo mimi napima mililita 2.5 na kila tone nalihesabu mara mbili.

Kupandisha KH natumia bekingi soda: gramu 3 kwa lita 100 huongeza digrii 1. Tangi la lita 200, kutoka 8 hadi 12, ni gramu 24, nazigawa siku nne, gramu 6 kwa siku, zikiyeyushwa kwenye kikombe kwanza. Si bekingi poda, ile ina asidi na wanga. Wala si magadi, yanapandisha pH kwa kishindo. Na kabla ya kuongeza hata kijiko, hakikisha amonia ni 0: ukipandisha pH juu ya amonia iliyokuwa imetulia, unaigeuza sumu kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa bei na vipimo zaidi ya 800 sanduku linavyodai, inashinda vijiti vya kuchovya. Vijiti vingi havina amonia kabisa, na kwenye unyevu wa pwani vikishafunguliwa haviaminiki. Maji yaliyopimwa mwaga kwenye sinki, yasirudi kwenye tangi, na chupa zikae mbali na watoto. Chupa ya pili ya amonia ina dawa inayounguza ngozi.